Kuanika dagaa wiki ya mvua za kwanza: ninavyofanya mimi hapa Katonga

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba inapokolea, anga la kwetu hapa Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, halina msimamo. Asubuhi jua linachoma mpaka mchanga haukanyagiki kwa mguu mtupu. Saa tisa alasiri upepo unageuka, mabati yanapigwa, hata simu ikiita huisikii. Jioni ziwa limetulia tuli. Kesho yake mawingu kutwa nzima na lisidondoke hata tone. Mkulima wa Kasulu anafurahi, anatafuta mbegu. Sisi wa dagaa ndiyo wiki ambayo mtaji unaweza kwenda na maji ndani ya robo saa.

Mvua za Januari hazinisumbui hivyo. Januari kila mtu anajua mvua ipo: ananunua kidogo, anakaanga, anabanika, maisha yanakwenda. Wanaoumia ni wa wiki hizi za mwanzo, kwa sababu akili zao bado ziko kiangazi. Kiangazi wamezoea kumwaga dagaa asubuhi, kwenda zao sokoni Mwanga, na kurudi jioni kuzoa waliokauka. Ninawaandikia hasa wadogo zangu wanaoingia mwaloni, ufukweni dagaa wanaposhushwa, mwaka huu, na yeyote aliyekopa mtaji akiamini jua la Septemba litaendelea.

Wiki huichagui

Utaambiwa usubiri hali itulie ndipo ununue. Nani kakwambia hali ikitulia dagaa watakuwepo? Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa nyingi ni za betri na sola, lakini kanuni ni ileile: taa inawavuta, wavu wa kipe unawainua. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga wa taa hauna nguvu tena, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo giza likiangukia wiki ya radi, hiyo ndiyo wiki yako ya kazi. Unachoweza kuchagua ni kiasi tu.

Na kiasi nakipima hivi: nanunua kwa kadiri ya turubai nililonalo. Jua la asubuhi silihesabu. Ukiwa na chanja tatu, yaani meza za kuanikia, na maturubai ya kufunika mbili, wewe una chanja mbili. Ile ya tatu ni mapambo hadi Mei. Asubuhi ya jua kali kijana mvuvi wa kipe atakuja na maneno matamu: "Mama, ongeza beseni mbili, jua hili leo halina mvua." Mjibu kwa upole, "Mwanangu, niachie hizi hizi, zinanitosha." Yeye keshauza na anakwenda kulala, ikinyesha saa nane hatakuwepo.

Kuna mtego wa pili, nao ni wa asubuhi ya mawingu. Waanikaji wengi wanaogopa, bei ya wabichi inashuka, nawe unajiona mjanja kununua wengi. Bei hiyo imeshuka kwa sababu inayoonekana kwa macho. Ikiwa una sufuria, mafuta na kuni kavu, nunua ukakaange. Ikiwa tegemeo lako ni jua peke yake, nenda kanywe chai. Na mwezi huu usichukue dagaa kwa mali kauli kabisa. Deni la dagaa walioloa linalipwa sawa na deni la dagaa waliokauka.

Kusikiliza utabiri

Ninausikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni, na naushauri kwa kila mtu, ila ujue unasikia nini. Wakisema Kigoma itakuwa na "mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua", hawajasema Katonga itanyesha wala haitanyesha. Mkoa huu unatoka ziwani hadi vilima vya Buhigwe na Kasulu. Mvua inaweza kunyesha Ujiji na hapa vumbi likatimka. Kwa mwanikaji maneno hayo yana maana moja tu: kesho usiondoke kwenye chanja. Wakisema "maeneo mengi", mimi nanunua nusu, au sinunui.

Halafu kuna zile hadhari zao: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Watu wengi hukosea hapa. Husema "hakuna angalizo, kwa hiyo hakuna mvua." Angalizo la mvua kubwa ni kwa mvua ya kuleta mafuriko, milimita zaidi ya 50 ndani ya saa 24. Dagaa hawahitaji milimita 50 kuharibika. Manyunyu ya dakika kumi yanatosha kuwarudisha ulipoanzia, tena ubaya wake manyunyu hayo hayatangazwi na mtu.

Simu nayo itakuonyesha kawingu na kamstari ka radi, chini yake asilimia 40, siku saba mfululizo. Wadogo zangu wanakata tamaa wakiona hivyo, wanadhani wiki nzima imeharibika. Asilimia 40 maana yake siku kumi za namna hiyo, nne zitapata mvua na sita zitapita kavu. Haikwambii saa ngapi, haikwambii nyingi au kidogo. Na saa ndiyo habari yenyewe. Siku ya mvua ya saa kumi jioni ni siku nzuri kabisa kwa aliyeamka mapema.

Utabiri wa siku tatu mbele unanisaidia kuamua kama nikate kuni au nitafute mafuta. Utabiri wa siku saba nautazama kama ninavyotazama ndoto. Uamuzi wa kumwaga dagaa naufanya asubuhi yenyewe, mwaloni, nikiwa nimetazama juu.

Asubuhi ni mali yako

Mchana wa msimu huu una mpangilio wake hata kama siku hazifanani. Nchi kavu inapata joto kuanzia asubuhi, hewa ya joto inapanda juu ya vilima vilivyo nyuma yetu, na kufikia saa saba au nane mawingu yamejijenga. Ngurumo nyingi za mchana huja kati ya saa nane na saa kumi na moja. Usiku mambo hugeuka: vilima vinapoa, upepo unashuka kwenda ziwani, na ziwa lenyewe halipoi upesi kwa sababu ni maji mengi mno, kina chake kinafika mita 1,470. Hapo mvua hujijengea juu ya maji, na ndiyo maana wavuvi hukutana na dhoruba saa nane za usiku wakati sisi tumelala pakavu. Ukiamka ukasikia ngurumo mbali ziwani alfajiri, usikate tamaa. Mara nyingi hiyo ni ya usiku inayomalizikia, na jua likitoka itakatika.

Kwa hiyo una saa sita hivi, kuanzia saa moja hadi saa saba. Zitumie zote.

Dagaa wanafika mwaloni kunakucha. Waoshe mara moja, wachuje maji kwenye tenga kabla ya kuwapeleka juu. Mtu anayemwaga dagaa wanaochuruzika anapoteza saa nzima ya jua kukausha maji ya ziwa. Robo tatu ya samaki mbichi ni maji yake mwenyewe, hayo yanatosha. Halafu watandaze wembamba, dagaa asimlalie dagaa. Kiangazi unaweza kuwarundika kidogo na wakakauka, wiki hii hapana. Nafasi ikipungua, rudi kwenye ule ushauri wa kiasi.

Tumia chanja. Najua wapo wanaoanika juu ya nyavu chakavu mchangani, na mimi nimekulia huko, lakini chanja ya kufika kiunoni hupitisha upepo juu na chini, dagaa hana mchanga, na mvua ikija huna haja ya kuinama. Mchangani mvua hata ikikosa kuwalowesha kwa juu, maji yanapita chini yao.

Geuza saa nne. Geuza tena saa sita. Wapo wanaogeuza kwa reki, mimi napitisha mikono wazi, kwa sababu mkono unakwambia wapi bado pabichi. Kwenye chanja ndefu upande ulio karibu na banda hukawia. Hao nawasogeza katikati.

Kujua amekauka: mshike mmoja mgongoni umpinde. Akijikunja na kurudi, bado. Akikatika kwa mlio, mtazame tumboni pale palipokatikia. Mgongo hukauka kwanza na kumdanganya mtu. Tumbo likiwa bado lina rangi ya nyama mbichi na kidole kinateleza, huyo hajakauka hata kama mkia unavunjika kama kijiti. Chukua kutoka pembe zote nne za chanja na katikati, usichukue wale waliokaa juu peke yao. Wanunuzi wa jumla wanafanya hivyohivyo, nao hawana haya.

Kufunika kabla ya kulazimika

Wingu la mvua ya radi huonekana mapema kwa anayetazama. Linaanza na kichwa cheupe kinachopanda wima nyuma ya vilima, kingo zake zimekatika sawasawa. Likiendelea kupanda na kingo bado kali, endelea na kazi ila weka maturubai karibu. Kichwa kikianza kutandaa bapa juu, na kingo zikawa kama zimefutwafutwa, wingu hilo limekomaa, na chini yake pengine tayari kunanyesha. Usitazame Kongo tu. Ng'ambo ni kuzuri kutazama, kweli, na baada ya mvua kufagia moshi wa kiangazi milima yake huonekana vizuri, ila mvua ya mchana mara nyingi inatoka nyuma yako.

Dalili ya mwisho ni upepo wa baridi. Joto limekubana, hakuna hata jani linalotikisika, mara unapigwa na hewa ya baridi yenye harufu ya udongo uliolowa. Huo upepo unatoka ndani ya mvua yenyewe. Ukiusikia ukiwa bado hujafunga, una dakika chache mno, na turubai ndani ya upepo ule litakuburuta. Ndiyo maana mimi nafunika wingu linapotandaa kichwa. Nimechekwa sana kwa kufunika jua likiwaka. Wacha wacheke.

Namna ya kufunika ina maana kuliko turubai lenyewe. Katikati ya chanja simamisha nguzo fupi na mti wa kulalia juu yake, turubai likae kwa mgongo na maji yashuke pande zote mbili. Turubai lililolazwa bapa juu ya dagaa linatengeneza bwawa, bwawa linabonyea, maji yanaingia. Funga kwanza upande upepo unakotokea, ndipo uvute upande wa pili. Mawe au viroba vya mchanga viwepo tayari pembeni. Pande za mwisho, kichwani na miguuni, ziache wazi mpaka tone la kwanza lianguke, kwa sababu dagaa waliofunikwa jua likiwa linapiga turubai hutoka jasho, na jasho hilo huharibu kama mvua. Mvua ikikatika funua mara moja. Usingoje jua lirudi. Upepo wa baada ya mvua nao unakausha.

Radi

Hapa naomba nisikilizwe. Mashariki ya Kongo, hapo ng'ambo tu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na sisi tunakaa jirani nayo. Mwalo ni mahali pabaya kuwepo wakati huo: uwanja wazi, maji, chanja zenye wavu wa chuma, na watu waliosimama wima wakishika nguzo.

Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mlio. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Mwanga na mlio vikipishana sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia kwa pigo linalofuata, hata kama juu yako kuna jua. Acha chanja. Kama hujamaliza kufunga, acha hivyohivyo. Rudi baada ya nusu saa kupita tangu ngurumo ya mwisho. Nusu saa hiyo ni ndefu kwa mtu mwenye dagaa nje, na wapo wanaopigwa kwa kutoka mapema kidogo.

Kimbilia nyumba yenye kuta, au ndani ya gari lililofungwa vioo. Banda la mabati lisilo na kuta halikukingi na radi, linakukinga na mvua tu. Chini ya mwembe au mchikichi usiende kabisa. Usijifiche chini ya mtumbwi uliopinduliwa, usibaki ndani ya maji ukisukuma chombo. Ukiwa ndani ya nyumba kaa mbali na bomba na nyaya, chomoa televisheni, na simu usiitumie ikiwa kwenye chaji. Simu isiyochomekwa haivuti radi, wala nguo nyekundu haivuti, wala kioo kisichofunikwa.

Wapo watakaokwambia radi hutumwa na mtu. Mimi sibishani nao mwaloni. Ninawaambia tu kwamba iliyotumwa na isiyotumwa hukimbiwa namna moja, tuingie ndani tutaongelea huko.

Mtu akipigwa, mwili wake haubaki na umeme. Mshike. Kama hapumui, mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue au afike mikononi mwa wauguzi, na wengine watafute usafiri wa kwenda hospitali ya Maweni. Waliopigwa na radi wengi wanaweza kuokoka wakisaidiwa dakika zilezile za kwanza. Wanaoachwa wamelala kwa sababu watu wanaogopa kuwagusa ndio wanaopotea.

Wakiloa

Inatokea. Cha kufanya kinategemea walikuwa wamefikia wapi.

Waliokuwa bado wabichi kabisa hawajapoteza kitu kikubwa. Wachuje, na kama jua limekwisha, wakaange jioni hiyohiyo. Kwetu tunakaanga kwa mawese, na dagaa wa kukaanga wana soko lao mjini na kwenye treni. Kama huna mafuta ya kutosha, tia chumvi. Mimi nachukua chumvi ya Uvinza, kilo moja kwa ndoo ya lita kumi za maji, nawaloweka robo saa hivi, nawachuja na kuwatandaza ndani mpaka asubuhi. Wanavumilia usiku. Ila chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo dagaa wa chumvi aliyekauka leo anaweza kuwa laini tena keshokutwa mvua ikiendelea. Wauze kwanza hao.

Wabaya ni wale waliofika nusu, ngozi kavu na tumbo bichi. Hao wakiloa hutoka utumbo, hupasuka, na nzi wanawapenda kuliko wote. Usiwarundike hata kwa saa moja. Watandaze ndani juu ya nyavu zilizonyanyuliwa, milango na madirisha wazi, moto wa moshi chini kama banda linaruhusu. Kesho yake wape jua la kwanza kabla ya dagaa wapya. Wakianza kunuka, wapeleke kwa wafugaji wa kuku ukiwa umewaambia ukweli, na ukubali bei yao.

Waliokuwa wamekauka kabisa wakapata manyunyu, saa mbili za jua la kesho zinatosha.

Wa kuhifadhi

Dagaa aliyekauka saa saba mchana anavuta unyevu upya ukimwacha nje hadi usiku. Mpoze kivulini, kwa sababu ukimfunga akiwa na joto la jua anatoka jasho ndani ya gunia, halafu funga kabla magharibi haijaingia. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Ukuta wa tofali wiki ya mvua unalia maji usiku kucha.

Kila jioni kabla ya kulala, fungua gunia uingize mkono hadi kiwiko. Juu huwezi kujua lolote. Katikati pakiwa baridi na dagaa wanachakarika, funga ukalale. Pakiwa na joto, hata la kadiri, kuna waliofungwa wabichi na wameanza kuwaharibu wenzao. Hapo usiseme "kesho asubuhi". Mwaga gunia zima sebuleni, watandaze sakafuni juu ya nyavu, na watoto walale chumbani kwako.